Miguu haifanyi kazi lakini farasi anamtii: Hii ndiyo gemu ya magari ya farasi ya watu wenye ulemavu

Ushawahi kumpeleka hotelini mtu anayetumia kiti cha magurudumu? Basi hii story unaijua. Weita anakuja, anamruka yule msee aliyekaa, anakuangalia wewe uliyesimama nyuma yake, kisha anauliza, "Huyu atakunywa chai ama soda?" Mtu mzima, ako na akili zake zote na doh iko kwa mfuko wake, lakini anaulizwa kupitia kwako kama mtoto wa nursery.

Shika hiyo picha kichwani kwanza. Sasa twende kwenye gemu moja ambapo mambo yamepinduliwa kabisa: yule wa kiti ndiye dere, na wewe mwenye miguu miwili mizima kazi yako ni kukaa kando na kunyamaza.

Inaitwa para-driving, yaani mashindano ya kuendesha gari la farasi kwa watu wenye ulemavu. Inachezwa Ulaya na Marekani, na kati ya wanaoicheza wamo wanajeshi wastaafu walioumia vitani.

Kwa nini farasi wa kuvuta?

Ukipanda farasi mgongoni, unamwongoza kwa mwili mzima. Miguu inambana, kiuno kinamwambia aongeze ama apunguze. Kama miguu yako imelala, hapo kuna shida, ingawa kuna waliovunja hiyo sheria. Lis Hartel wa Denmark alipatwa na polio ikamwacha amepooza kuanzia magotini kwenda chini. Ilibidi asaidiwe kupanda na kushuka, lakini kwenye Olimpiki za Helsinki mwaka wa 1952 alibeba medali ya fedha akishindana na wanaume. Alirudia tena 1956.

Dere wa gari la farasi hahitaji miguu hata kidogo. Silaha zake ni tatu tu: hatamu, sauti na mjeledi. Na mjeledi wenyewe si wa kuchapa vile unaona punda wa mkokoteni akichapwa huku kwetu. Ni wa kumgusa farasi kidogo, kumwonyesha aende upande gani.

Kwa hivyo mtu aliyepoteza miguu yote miwili anaweza kuketi pale juu, akabonga na farasi wake, na mnyama wa kilo mia tano akageuka vile ameambiwa. Farasi hajui kama huyu dere ako na miguu ama hana. Anachojua ni mkono ulioshika hatamu na sauti inayotoka nyuma yake.

Gemu yenyewe inachezwaje?

Kuna raundi tatu, na usidhani ni parade ya harusi.

Ya kwanza ni dresaji. Hapa dere anaendesha farasi kwenye uwanja kwa mpangilio uliowekwa: duara, mistari iliyonyooka, kusimama, kurudi nyuma. Majaji wanapeana alama kutoka 0 hadi 10 kwa kila kitendo. Wanataka kuona farasi ametulia na anasikiza.

Ya pili ni marathoni, na hapa ndipo noma iko. Ni safari ya nje, halafu kuna vizuizi vya mbao, miti, hata maji, vyenye milango iliyoandikwa herufi. Lazima upite A kabla ya B, bendera nyekundu iwe kulia kwako na nyeupe kushoto. Saa inahesabu, na kila sekunde ndani ya kizuizi inakugharimu robo pointi. Nyuma ya gari kuna msaidizi amesimama, akiegemea huku na kule gari lisipinduke kwenye kona. Cheki makanga akining'inia mlangoni Thika Road, hapo umeipata.

Ya tatu ni koni. Zinapangwa mbili mbili, kila moja ina mpira juu, na nafasi katikati inazidi upana wa magurudumu kidogo tu. Ukigusa mpira ukaanguka, unaongezewa pointi 3. Na usifurahie pointi, kwa sababu hapa pointi ni adhabu. Anayemaliza na chache ndiye bingwa.

Watu wenye ulemavu wanasaidiwaje?

Kwanza wanapimwa. Wataalamu wanaangalia nguvu ya misuli, mikono na mwendo wa mwili, kisha wanakuweka kwa Gredi I ama II. Gredi I ni ya wale wenye ulemavu mkubwa zaidi. Lengo ni kila mtu apambane na wa kiwango chake.

Halafu kuna vifaa. Kama vidole havishiki vizuri, hatamu zinawekewa vitanzi vya kuingiza mkono. Kama mgongo hauna nguvu, kiti kinapewa egemeo na mkanda, lakini lazima uwe ule wa kufunguka mara moja, maana gari likipinduka hutaki kubaki umefungwa pale. Kuna magari mengine yana ngazi ya mteremko, kiti cha magurudumu kinapanda nacho na kufungwa chini kwa mikanda. Hushuki kwenye kiti chako hata.

Kando ya dere anakaa msaidizi asiye na ulemavu. Kwa wanaojifunza, mara nyingi huyu hushika hatamu za pili, kama vile mwalimu wa driving school alivyo na breki yake upande wa pili. Yuko pale kwa hatari tu. Kwenye mashindano, akijifanya mjuaji akashika hatamu, dere anaadhibiwa.

Soma hiyo mara ya pili. Kusaidiwa bila kuulizwa kunahesabiwa kama kosa. Yule weita wetu wa hoteli angekuwa amekula pointi kitambo.

Wanajeshi wanaingiaje hapa?

Farasi kwa asili ni mnyama wa kuwindwa. Anasoma hatari haraka sana, na moja ya vitu anavyosoma ni mwili wako. Ukishika hatamu ukiwa umekaza mikono na pumzi imekwama, anajua, naye anaanza kuogopa. Mtu aliyerudi vitani na akili haijatulia, anayeruka kila mlango ukifungwa kwa nguvu, analazimika kushusha pumzi kwanza ndipo farasi ashuke naye. Haiponyi kidonda cha vita, lakini ni mazoezi ya kweli, tena bila kulazimishwa kuongea.

Marekani wameliona hilo. Vituo vilivyo chini ya shirika la PATH International, lililoanza 1969, vinafundisha kupanda na kuendesha farasi, na vina programu za wanajeshi wastaafu. Mwaka wa 2006 farasi wa jeshi wanaovuta majeneza ya wanajeshi pale makaburi ya Arlington walipewa kazi ya ziada: kuwabeba mgongoni wanajeshi waliojeruhiwa, kama sehemu ya matibabu.

Na yule mzee wa Windsor je?

Huwezi kuongelea hii gemu umwache Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth. Ndiye huyo alikuwa hapa kwetu Sagana Februari 1952, akampasha mkewe habari kwamba babake, mfalme, ameaga. Mwaka wa 1971, akiwa na miaka 50, kifundo cha mkono kilimkatalia polo. Badala ya kukaa nyumbani akahamia gari la farasi. Alikuwa mkuu wa FEI, shirikisho la michezo ya farasi duniani, na ni chini yake sheria za kimataifa za gemu hii ziliandikwa. Aliendesha hadi akiwa na umri wa zaidi ya miaka tisini.

Siku ya mazishi yake, tarehe 17 Aprili 2021, gari lake liliegeshwa pale Windsor Castle na farasi wake wawili wadogo. Kwenye kiti kulikuwa na kofia, glavu na kopo jekundu la vipande vya sukari alivyozoea kuwapa.

Imebaki nini?

Dresaji ya kupanda iko Paralimpiki tangu Atlanta mwaka wa 1996. Hii ya magari bado iko nje, ingawa ina mashindano yake ya dunia. Pia si gemu ya bei rahisi: farasi, gari, lori la kuwabeba, watu wa kusaidia. Wengi huianza kupitia vikundi vya kujitolea.

Labda hutawahi kuiona live. Sawa. Lakini kesho ukimpeleka mtu wako hotelini na weita akuulize wewe, geuka umwangalie aliyekaa, na ukae kimya. Hatamu ziko kwake, na farasi mwenyewe hakuuliza kuhusu miguu.