Unapiga picha za droni kwa malipo? Fahamu masharti haya

Harusi, mashindano ya jahazi na matangazo ya hoteli katika Kaunti ya Lamu sasa hupigwa picha kutoka angani kwa kutumia droni. Kazi hii inawapa vijana kipato, lakini mara tu mpiga picha anapolipwa, masharti ya kisheria huwa mazito zaidi.

Chini ya Katiba, usafiri wa ndege ni jukumu la Serikali ya Kitaifa. Leseni ya biashara ya kaunti pekee haimruhusu mtu kurusha droni. Kanuni za mwaka wa 2020 kuhusu ndege zisizo na rubani husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA).

Anayefanya biashara anahitaji:

• Droni iliyosajiliwa na KCAA. Mmiliki awe ametimiza miaka 18.
• Rubani wa droni mwenye leseni.
• Cheti cha uendeshaji, kinachojulikana kama ROC.
• Bima ya kufidia watakaodhurika.

Asiye na cheti anaweza kumwajiri aliye nacho. Wenye harusi na hoteli nao wanashauriwa kuomba kuona stakabadhi hizo kabla ya kulipa arbuni.

Hewani, droni isipite futi 400 (takriban mita 120) kutoka ardhini, isikaribie watu au majengo yasiyohusika kwa chini ya mita 50, na rubani aione kwa macho yake wakati wote. Kuirusha usiku au karibu na uwanja wa ndege kunahitaji idhini maalum.

Sharti la mwisho linawagusa wakazi wa Lamu moja kwa moja. Uwanja wa ndege wa Manda uko ng'ambo tu ya mji, na droni ikigongana na ndege inayotua, maisha ya abiria yatakuwa hatarini.

Kuna pia suala la faragha. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa ili kiwanda cha ndani kisionekane kutoka mtaani, lakini kamera ya angani hukiona chote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda picha zinazomtambulisha mtu, hivyo ni lazima pawe na msingi wa kisheria, kama vile ridhaa yake, kabla ya kuzitumia kibiashara.

Mkazi anayesumbuliwa na droni asiipige mawe. Apige ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu.