Mwanafunzi Mwenye Ndevu Uwanjani

Kila ufikapo msimu wa mashindano ya shule mjini Bujumbura, huzuka minong'ono ile ile pembezoni mwa uwanja. Mlinzi wa timu ya pili ana ndevu. Mshambuliaji wao anajulikana Buyenzi na Bwiza kuwa Jumapili huchezea klabu ya watu wazima, na darasani hajulikani kabisa. Wazazi waliokuja kuwashangilia watoto wao hukasirika, na wana haki, kwani mtoto wa miaka 16 aliyevunjwa mguu huuguzwa nyumbani na mama yake, si na chama cha michezo.

Dawa inayotajwa upesi ni umri. Katika mashindano ya mataifa dawa hiyo hutumika bila huruma. Mwezi Aprili 2018 Burundi ilikuwa mwenyeji wa michuano ya CECAFA ya vijana walio chini ya miaka 17, na kanuni ilimtaka kila mchezaji awe amezaliwa tarehe 1 Januari 2002 au baadaye. Wachezaji 12 wa Zanzibar wakaonekana wamezaliwa kabla ya siku hiyo, na timu nzima ikaondolewa. Shirikisho la kandanda la dunia nalo, tangu mashindano ya Nigeria ya mwaka 2009, hupiga picha za mashine ya sumaku kwenye kifundo cha mkono, kwa kuwa mfupa wa hapo ni nadra kuunga kabisa kabla ya miaka 17. Lakini kipimo hicho hakina msaada mkubwa kwa mashindano ya lise, ambako ubishi ni wa miaka 19, 20 na 22.

Isitoshe, shule si timu ya taifa. Nchini Burundi kukariri darasa ni jambo la kawaida, na vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwachelewesha watoto wengi. Baada ya machafuko ya mwaka 2015 familia nyingi tena zilivuka mpaka na kuingia kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli huko Kigoma. Kijana aliyerudi nyumbani na kuketi dawati moja na wadogo zake hakumdanganya mtu yeyote. Cheti chake cha kuzaliwa huenda kilipatikana baada ya miaka mingi, kwa maneno ya mashahidi. Kumzuia huyu asicheze na wenzake wa darasani, ilhali mpira ameanza kuugusa mwaka jana, ni kumwadhibu kwa sababu ya ukimbizi.

Umri hauonyeshi ni nani aliyezoea ushindani. Jambo hili liliwasumbua Wamarekani mapema. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Howard, cha Wamarekani weusi mjini Washington, kilitwaa ubingwa wa kandanda wa vyuo kwa kuifunga Saint Louis mabao 3 kwa 2. Baadaye kikanyang'anywa ubingwa huo, sababu moja ikiwa wachezaji waliokuwa wamekwisha kucheza kwao Trinidad. Kanuni ya wakati ule ilisema kwamba mgeni aliyeshindana nchini kwake baada ya kutimiza miaka 19 atapunguziwa miaka ya kuchezea chuo. Mwenyeji aliyefanya vivyo hivyo hakupunguziwa kitu! Howard wakaenda mahakamani, na mwaka 1975 mahakama ya rufani ikakubali kwamba kanuni hiyo iliwabagua wageni. Mwaka uliotangulia walikuwa wameutwaa ubingwa upya, safari hii bila kufungwa hata mchezo mmoja.

Mwaka 1980 ikatungwa kanuni nyingine, ya watu wote: kila mwaka wa mashindano rasmi baada ya kutimiza miaka 20, kabla ya kuingia chuoni, ulihesabiwa kama mwaka mmoja uliokwisha kutumika. Aliyekuwa shambani au kazini hakupoteza kitu. Kisa cha Suleiman Nyambui wa Tanzania huonyesha kwa nini jambo hili lilizungumzwa sana. Alizaliwa mwaka 1953, na akiwa mwanafunzi wa chuo cha El Paso, Texas, alishinda mbio za mita 10,000 za vyuo miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Katikati ya masomo hayo akapata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow. Alikuwa mwanafunzi halali, lakini kijana wa miaka 18 aliyesimama naye kwenye mstari alikuwa na kazi ngumu.

Mjini Bujumbura hesabu ya namna hiyo haihitaji mashine ya sumaku. Klabu huwa na orodha ya wachezaji wake, na shule ina daftari la mahudhurio. Walimu wawili wakikaa na karatasi hizo mbili kabla ya msimu, jioni moja inatosha kumjua aliyesajiliwa klabu ya wakubwa na aliyeandikishwa shuleni wiki ya mashindano tu. Lililo gumu ni kwamba mara nyingi mwalimu anayepaswa kulifungua daftari ndiye aliyemleta mchezaji, na mkuu wake anasubiri kikombe.

Wazazi wenyewe nao mara nyingine hunyamaza, hasa ndevu zinapokuwa za upande wao.