Wazee wanaisha? Hesabu ya vifo vya wazee Bujumbura na mitego yake

Nenda kwenye msiba wowote Buyenzi, Bwiza au Nyakabiga, utayasikia maneno haya kabla kahawa haijapoa: "Wazee wanaisha." Mmoja atalaumu presha na sukari, mwingine atalaumu chakula cha siku hizi, wa tatu atakumbusha kwamba babu yake alifika miaka mia bila kumeza kidonge. Ni maneno ya uchungu na hayafai kubezwa. Lakini ndani yake mna dai la kisayansi, kwamba mtu wa miaka 70 leo yuko karibu zaidi na kifo kuliko mtu wa miaka 70 wa mwaka 1980 au 2000. Dai la namna hiyo hupimwa, haliachiwi mazungumzo ya msibani.

Njia ya kwanza inayomjia mtu kichwani ni kuhesabu waliozikwa na kugawanya kwa idadi ya watu. Tuijaribu. Mwaka 2022 Japani ilipoteza watu zaidi ya milioni 1.5 kati ya wakazi milioni 125 hivi, yaani kama 12 au 13 katika kila 1,000. Kwa Burundi, makadirio ya Umoja wa Mataifa yanazunguka 7 katika kila 1,000. Kwa hesabu hiyo Mrundi angekuwa salama kuliko Mjapani, ambaye kwa wastani anatarajiwa kuishi miaka 84 hivi. Sivyo. Japani karibu watu 3 katika kila 10 wamevuka miaka 65. Burundi waliovuka 60 hawafiki 6 katika kila 100, na nusu ya wananchi hivi hawajafika miaka 18. Penye wazee wengi patakuwa na misiba mingi, hata kama kila mzee anatunzwa vizuri.

Mtego huo haumalizwi kwa kuwatenga wazee peke yao. Mwaka 1825 Benjamin Gompertz, mwanahesabu wa London aliyefanya kazi katika bima, alionyesha kwamba hatari ya kufa haipandi polepole kwa kipimo kilekile kila mwaka, inazidishwa. Katika jamii nyingi hatari ya mtu mzima huongezeka maradufu kwa kila miaka 8 hivi. Maana yake mzee wa 76 yuko kwenye hatari kama mara nne ya mwenzake wa 60. Kuwaweka wawili hao kwenye fungu moja liitwalo "miaka 60 na kuendelea" ni kujitafutia jibu la uongo.

Chukua mtaa wa kufikirika wenye wazee 1,000. Mwanzoni 800 wana miaka 60 hadi 74, na 200 wana 75 na zaidi. Katika fungu la kwanza wanakufa 30 kwa kila 1,000 kwa mwaka, katika la pili 100 kwa kila 1,000. Jumla ni vifo 24 na 20, yaani 44. Miaka ishirini baadaye mtaa una wazee 1,000 vilevile, ila sasa 600 wako fungu la kwanza na 400 la pili. Hatari imepungua kote: 25 badala ya 30, na 90 badala ya 100. Hesabu tena: vifo 15 na 36, jumla 51. Misiba imeongezeka kutoka 44 hadi 51, na waombolezaji watasema wazee wanaisha, ilhali kila mzee yuko salama kuliko aliyemtangulia kwa umri uleule. Ukichukua viwango vipya na kuvitumia kwa wazee wa mwanzo, 800 na 200, utapata vifo 38. Ulinganifu wa haki ni huo, 44 na 38, na wataalamu huuita kusawazisha umri. Shirika la Afya Duniani lina mgawanyo wake wa umri unaotumika kuweka nchi zote kwenye mizani moja.

Kusawazisha umri kunadai jambo moja: umri uwe unajulikana. Hapo ndipo Bujumbura panapokuwa pagumu.

Karani wa sensa anamuuliza bibi kizee amezaliwa mwaka gani. "Mwanangu, nilikuwa nimeshaanza kuchota maji wakati wa ile njaa kuu." Karani mwenye subira atahesabu kutoka njaa ya 1943 na 1944. Mwingine atauliza kama bibi alikuwa ameolewa Mwanamfalme Rwagasore alipouawa, Oktoba 1961, au uhuru ulipokuja Julai 1962. Karani aliyechoka ataandika 80 na kwenda nyumba ya pili. Ndiyo maana katika sensa za nchi zetu watu hurundikana kwenye 60, 70 na 80, huku 61, 69 na 79 zikibaki na wachache. Karangamuntu, yaani vitambulisho, za wengi waliozaliwa kabla ya uhuru nazo zina mwaka wa kukisia tu.

Kosa hilo lina mwelekeo. Uzee una heshima, kwa hiyo umri huongezwa kuliko unavyopunguzwa. Mtu wa 68 akiandikwa 80, anaingia kwenye fungu la wakongwe akiwa na nguvu zake za miaka 68, na fungu zima linaonekana kufa kidogo kuliko ukweli. Hata Marekani umri ulioandikwa vibaya uliwahi kuwanasa wataalamu. Takwimu zilionyesha kwamba Wamarekani Weusi, wanaokufa mapema kuliko Wazungu karibu maisha yote, wakifika uzee mkubwa wanaanza kuwashinda. Mwaka 1996 Samuel Preston na wenzake walilinganisha vyeti vya vifo na rekodi za sensa ambamo marehemu haohao waliandikwa wakiwa watoto. Umri uliposahihishwa, ushindi huo ulitoweka kwa sehemu kubwa. Kila ninaposikia sifa za wazee wa zamani waliofika 110, nautaka kwanza ushahidi wa mwaka wa kuzaliwa.

Liko pengo jingine, na hili linaniuma zaidi. Mei 2006 Burundi ilifanya matibabu kuwa bure kwa watoto wa chini ya miaka 5 na kwa wanawake wanaojifungua. Tunaweza kusema kwa uhakika kwamba hali ya watoto iliboreka: utafiti wa taifa wa afya wa 2010 ulikuta vifo 96 vya watoto wa chini ya miaka 5 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai, na ule wa 2016–2017 ukakuta 78. Tunajua kwa sababu mama aliulizwa mtoto mmoja mmoja: yu hai, au alikufa lini. Utafiti huohuo uliuliza pia kuhusu kaka na dada, lakini vifo vya watu wazima vilivyopigiwa hesabu ni vya miaka 15 hadi 49. Mzee wa 70 hakuwa na mahali pake kwenye jedwali. Makadirio ya kimataifa kuhusu wazee wa nchi kama yetu hutegemea sana majedwali ya mfano: vifo vya watoto na vya watu wazima vinapimwa, kisha vya wazee vinakisiwa kutokana na hivyo.

Ujanja upo. William Brass, Mskochi aliyefanya kazi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki, Nairobi, kuanzia 1948 hadi 1955, alijenga mbinu za kupata viwango vya vifo pasipo na rejista. Moja inaanza kwa swali dogo la sensa: mama yako yu hai? Mtu wa miaka 40 ambaye mama yake alimzaa akiwa na 27, mama huyo akiwa hai ana miaka 67. Linganisha majibu ya sensa mbili, utaona kama akina mama wanafika 67 kwa wingi kuliko zamani. Njia nyingine, ya kuuliza kila kaya nani amefariki katika miezi 12 iliyopita, ina kasoro ya kusikitisha. Mzee aliyeishi peke yake akifa, kaya yake inakufa naye, na karani hamkuti mtu wa kumjibu.

Kulinganisha nyakati kunakutana pia na historia ya nchi. Mauaji ya 1972, yanayoitwa ikiza, yaliwaua watu wasiopungua laki moja, na makadirio mengine yanafika laki tatu. Wengi walikuwa wanaume vijana: wanafunzi, walimu, askari, makarani. Aliyekuwa na miaka 20 hadi 30 mwaka ule angekuwa na 72 hadi 82 mwaka wa sensa ya 2024. Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, vikaondoa wengine. Leo tukizika wanaume wachache wa umri huo, tusiseme afya yao ni nzuri. Wengi hawakupewa nafasi ya kuzeeka. Wengine walizeekea Ulyankulu, Katumba na Mishamo nchini Tanzania, na zaidi ya 50,000 wakarejea kuanzia 2008. Sensa ya 1990 haikuwahesabu hapa, na misiba yao inahesabiwa hapa sasa.

Hata jina la mji halikutulia. Bujumbura iliyohesabiwa 2008 ilikuwa na komini 13 na watu 497,166. Mwaka 2014 komini zikawa 3. Mwaka 2025, nchi ilipobaki na mikoa 5 badala ya 18, jina Bujumbura likawa la mkoa unaozibeba pia Bubanza na Cibitoke, na mashamba na milima yake. Atakayechukua vifo vya "Bujumbura" ya sasa na kuviweka kando ya vile vya 2008 atakuwa analinganisha sehemu mbili tofauti.

Hesabu nzuri ina faida gani? Kuanzia 1992 hadi 1995, wahesabuji walipita nyumba kwa nyumba Dar es Salaam, Hai na Morogoro vijijini, wakiandika kila kifo na kuwauliza ndugu dalili za marehemu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2000. Kwa wanaume wa miaka 15 hadi 64 wa Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri, kiharusi kiliua 65 kwa mwaka katika kila 100,000. Uingereza na Wales ilikuwa 10.8. Ugonjwa uliodhaniwa wa matajiri wa Ulaya ulikuwa unaua zaidi hapa kwetu, na watafiti waliielekezea kidole presha isiyotibiwa, ambayo hupimwa kwa dakika chache na kutulizwa kwa vidonge.

Wakati wa Covid, Afrika Kusini ilitoa kila wiki hesabu ya vifo vilivyozidi kawaida, kwa kuwa kawaida yake iliijua. Burundi ilitangaza vifo visivyofika 50 kwa ugonjwa huo. Aliyetaka kuipima hesabu hiyo kwa njia ya Afrika Kusini alihitaji rejista ya miaka ya nyuma inayoonyesha wazee wangapi hufa mwezi wa kawaida, na rejista haijengwi katikati ya janga.

Hukumu yangu ni hii: kauli ya kwamba wazee wa Bujumbura wanakufa zaidi kuliko zamani haijathibitishwa, na wingi wa misiba hauithibitishi. INSBU, taasisi ya takwimu iliyokuwa ikiitwa ISTEEBU, ina sensa ya 2024 iliyohesabu watu zaidi ya milioni 12. Iwagawe wazee kwa mafungu ya miaka mitano mitano hadi 80 na kuendelea, mtaa kwa mtaa, ili sensa ijayo ipate cha kulinganishwa nacho. Na wewe uliyefiwa, usingoje mpaka mirathi au pensheni ikulazimishe. Nenda kaandikishe kifo cha mzee wako. Beba karangamuntu yake. Kama mwaka wa kuzaliwa ni wa kukisia, taja tukio alilolikumbuka utotoni. Karani akitaka kuandika "uzee" kama sababu ya kifo, mwambie mzee aliumwa nini: kifua, upande mmoja uliopooza, sukari, miguu iliyovimba.