Lobelia ya Kilimanjaro haioti kibarazani

Bwana mmoja wa Sinza ameniuliza kama anaweza kuotesha nyumbani kwake lobelia kubwa ya Mlima Kilimanjaro. Kuiotesha si kazi. Kazi ni kuilea.

Mmea huo, ambao wataalamu huuita Lobelia deckenii, huishi kiasi cha mita 3,800 hadi 4,300 juu ya usawa wa bahari. Wapanda mlima huuona kama kabichi kubwa lililokaa chini. Ukikomaa huchomoza mnara wa maua ya buluu, na ndege aina ya chozi hufika kunywa mbochi.

Mbegu zake ni mithili ya vumbi. Aliyezoea mahindi atataka kuzifukia, na hapo ndipo atakapozipoteza, kwa maana huhitaji mwanga ili ziote. Zinyunyizwe juu ya mchanga laini uliochanganywa na mboji iliyochekechwa, kisha chungu kiwekwe ndani ya karai la maji ili udongo unywe kutoka chini. Ukimwagilia kwa juu, umezisomba zote.

Tatizo ni usiku. Kule juu mchana jua huchoma na usiku maji huganda. Lobelia huhifadhi maji katikati ya majani yake. Tabaka la juu likiganda, la chini hubaki maji na chipukizi husalimika. Sasa Dar es Salaam, hata Julai, usiku hubaki nyuzi 18 hivi. Mche utachemka, hautakua!

Tena shina moja huweza kuchukua miongo kadhaa kabla ya kuchanua, kisha hufa, ingawa ndugu zake walioungana nalo ardhini hubaki. Ndiyo maana moto wa Oktoba 2020, uliounguza uoto wa mlimani kwa siku kadhaa, ulinisikitisha. Mmea unaoungua kabla ya kuchanua haujaacha hata mbegu moja. Kwa maoni yangu, wenye vibali wahifadhi mbegu na kulea miche hukohuko kwenye baridi. Sisi wengine tusiguse. Kuchuma mimea ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa.

Bwana wa Sinza namshauri atafute kwa wauza miche lile ua dogo la zambarau la Usambara, Saintpaulia. Hilo hukubali kivuli cha nyumba, na mbegu zake, vumbi vilevile, husiwa kwa namna hiyohiyo.