Msaji, Mafuta na Uchakavu: Istilahi za Utunzaji wa Samani za Nje

Lugha ya utunzaji wa vyombo vya nyumbani na vya ofisi hudhaniwa kuwa nyepesi, isiyostahili kuwashughulisha wanaistilahi. Lakini tunapoifasiri twaona kwamba neno moja lililochaguliwa vibaya laweza kuliondoa benchi zima katika mali ya umma, au hata kuunguza nyumba. Katika makala haya tunachunguza maneno yahusuyo samani za msaji zinazowekwa nje, na mfano wetu ni wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara.

Tumezichagua wilaya hizi kwa sababu mbili. Kwanza, msaji si mti wa huko. Hupendelea nchi za chini zenye joto, na mashamba yake makubwa yako Longuza wilayani Muheza, Mtibwa mkoani Morogoro, na katika bonde la Kilombero. Nyanda za juu za Mbulu na mitelemko ya Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya meta 3,400, zina baridi isiyoufaa. Basi benchi la msaji likifika Dongobesh au Katesh hufika likiwa geni, na wanaolitunza hutegemea maelezo yaliyoandikwa. Pili, katika wilaya hizi husemwa Kiiraqw, ambacho ni cha nasaba ya Kikushi. Kidatoga, ambacho ni cha Kiniloti. Kihadza, chenye asili yake peke yake. Na lugha za Kibantu. Kwa wengi Kiswahili ni lugha ya pili. Istilahi isiyojieleza yenyewe haitawafaa.

Msaji au mtiki?

Neno *msaji* ni la zamani katika pwani yetu, nalo lina uhusiano na neno la Kiarabu *saj*. Lilitumika kwa mbao zilizoletwa kutoka Bara Hindi kwa ajili ya majahazi na milango, kabla mti wenyewe haujapandwa nchini wakati wa utawala wa Wajerumani. *Mtiki* ni neno jipya lililotokana na Kiingereza, nalo ndilo linalosikika zaidi katika karakana. Hatuoni sababu ya kulifukuza. Twapendekeza *msaji* liwe neno la maandishi rasmi, na katika hati za zabuni *mtiki* litajwe mara moja ili fundi na mnunuzi wasipishane. Lisilofaa ni kuuita mvule au mninga kwa jina la msaji, kwa kuwa hiyo ni miti mingine kabisa.

Kuchujuka si kuchakaa

Mbao za msaji zikikaa juani hupoteza rangi yake ya dhahabu na kuwa za kijivu. Jua huharibu utando mwembamba wa juu tu. Ndani ubao hubaki imara, kwa sababu kiini cha mti huu kina mafuta ya asili yanayozuia kuoza na kuwachukiza mchwa. Hali hii twaiita *kuchujuka*. Wapo wanaoifasiri kuwa *kuchakaa*, na hapo ndipo hasara ilipo. Katika lugha ya serikali, kifaa *chakavu* ni kile kinachongoja kufutwa katika daftari la mali. Mtunza bohari akisoma kwamba rangi ya kijivu ni uchakavu, ataliuza kwa bei ya kuni benchi ambalo lingedumu miaka mingi.

Mafuta ya nani?

Madukani kuna mafuta ambayo jina lake la Kiingereza, likifasiriwa neno kwa neno, huwa *mafuta ya msaji*. Msomaji wa Kiswahili ataelewa kuwa yamekamuliwa katika msaji, kama mafuta ya nazi yalivyotoka katika nazi. Sivyo. Kwa kawaida ni mchanganyiko wenye mafuta ya mbegu za kitani au mengine ya namna hiyo. Yafaa kusema *mafuta ya kupaka msaji*. Hayaulishi ubao wala hayauongezei maisha; hurudisha rangi kwa muda, na nje hayana budi kupakwa tena na tena.

Kubwa zaidi ni lile liitwalo kwa Kiingereza mafuta ya kitani *yaliyochemshwa*. Yanayouzwa siku hizi mara nyingi hayakuchemshwa, bali yametiwa kemikali za kuharakisha kukauka. Fundi akisoma *yaliyochemshwa* aweza kubandika mafuta mabichi jikoni, na moto ukamrukia. Tuseme *mafuta ya kitani yenye vikaushi*. Tena matambara yaliyolowa mafuta haya, yakikunjwa na kurundikwa pembeni, hupata joto yenyewe na huweza kuwaka bila kiberiti. Onyo hili lisiachwe katika tafsiri yoyote: matambara yatandazwe nje, moja moja, mpaka yakauke.

Kusafisha

Katika Kiingereza, neno la kulainisha ubao ni lile lile la mchanga. Mfasiri mwenye haraka huandika *tia mchanga*, hali kila seremala husema *piga msasa*. Maelezo yenyewe ni mafupi: sugua kwa brashi laini, maji na sabuni isiyo kali, ukifuata nyuzi za ubao, usitumie brashi ya nyaya za chuma, kwani chembe zake hushika kutu na kuacha madoa. Baada ya masika, udongo ulioruka miguuni uoshwe, na miguu iinuliwe juu ya matofali, maana vichwa vya mbao hunywa maji kuliko ubavu. Turubai lisifungwe kabisa. Hewa ikikosa njia, ukungu huota.

Mapendekezo

1. *Msaji*: mti na mbao zake.
2. *Kiini*: sehemu ya ndani ya gogo, yenye kudumu.
3. *Ubao mweupe*: sehemu ya nje ya gogo, isiyohimili nje hata ikiwa ya msaji.
4. *Kuchujuka*: kupoteza rangi bila kupoteza nguvu.
5. *Kuchakaa*: kupoteza nguvu au matumizi.
6. *Kikaushi*: kitu kinachotiwa katika mafuta ili yakauke upesi.

Twawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayajaribu maneno haya kazini, na kuwasikiliza mafundi kabla ya kubuni mapya. Mara nyingi neno tunalolitafuta limekwisha kutumika karakanani.