Vifaa vya ujenzi kutoka inje: ukiuziwa kibovu, nani atalipa?

Waya za umeme ziligeuka nyeusi ndani ya kuta. Friji na mashine za kuleta ubaridi zilikufa moja nyuma ya ingine, hata zile mpya. Nyumba nzima ilinuka kama yai lililooza. Wakaaji wengi walilalamika juu ya macho kuwasha, pua kutoka damu, kikohozi na maumivu ya kichwa, na wengine walisema walipata nafuu kila walipotoka nyumbani.

Hayo yalitokea Marekani, zaidi katika majimbo ya Florida, Louisiana na Virginia. Kisa hicho kinafaa kujulikana na kila mutu anayejenga hapa kwetu Kongo, kwa sababu ferabeto, manjanja, rangi na waya za umeme tunazonunua, sehemu kubwa inatoka inje.

Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, wajenzi wa kule walikosa mapande ya jipsi ya kufunika kuta na plafo. Wakaagiza mengi kutoka China. Baadhi yalikuwa na kiberiti nyingi. Kwenye joto na unyevu, yalitoa gesi inayokula shaba, na shaba ndiyo iko ndani ya waya na mabomba. Shirika la serkali linalolinda wanunuzi lilipokea malalamiko karibu 4.000. Lilishauri kuondoa mapande yote mabaya na kubadilisha vifaa vya umeme, vya gesi na vya kutangaza moto. Kwa maneno mengine, nyumba ilipaswa kuvuliwa hadi mifupa.

Kila mutu alimwonyesha mwenzake kidole

Mwenye nyumba alimshitaki mjenzi. Mjenzi alisema alinunua kwa depo. Mwenye depo alisema aliletewa na mwingizaji, na kiwanda kilikuwa mbali, ngambo ya bahari. Kampuni nyingi za bima nazo zilikataa kulipa.

Mashitaka yalikusanywa mwaka 2009 mbele ya jaji Eldon Fallon, katika muji wa New Orleans. Tangu hapo viwanda vilifuata njia mbili. Knauf, kampuni ya Ujerumani yenye kiwanda China, ilikubali kugharimia matengenezo ya nyumba. Taishan, ya China, haikufika mbele ya jaji. Mwaka 2010 iliamriwa kulipa dola milioni 2,6 kwa familia saba za Virginia. Ni mwaka 2019 tu ilipokubali kutoa dola milioni 248 kumaliza sehemu kubwa ya mashitaka. Miaka kumi, familia zilikuwa zinangoja. Wengine walikuwa wamekwisha kupoteza nyumba kwa sababu ya deni la benki.

Sheria ya Kongo inasema nini?

Kama mahakama ya Marekani ilihangaika hivyo na kiwanda cha mbali, mukaaji wa Goma, Bukavu ao Uvira asitegemee kukifikia. Lakini sheria haimlazimishi kwenda China. Kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia, cha tangu 1888 na ambacho kingali kinatumika, kinamwanzia yule aliyemuuzia.

Muuzaji anajibu juu ya kasoro iliyojificha ndani ya kitu alichouzisha. Munuzi anaweza kurudisha kitu na kupewa feza zake, ao kukibakisha na kurudishiwa sehemu ya bei. Kama muuzaji alijua kasoro hiyo na akanyamaza, analipa pia hasara yote iliyotokea. Lakini kuna masharti mawili. Kwanza, kasoro ambayo munuzi angeweza kuiona mwenyewe hailindwi. Pili, lazima kushitaki bila kukawia.

Hilo sharti la kwanza ndilo linaangusha watu wengi. Ferabeto inayoitwa ya 12 lakini ikipimwa ni 10, muuzaji atasema: "Ulikuwa na macho, ungepima." Kwa hiyo kupima mbele ya kulipa kunalinda nyumba, na tena kunalinda haki yako. Manjanja nayo, unene wake unapimwa. Rangi yake inayong'aa haisemi kitu.

Sheria hiyo hiyo inamfunga mjenzi na msanifu wa nyumba kwa miaka kumi, ikiwa jengo waliloahidi kulimaliza kwa bei moja limeanguka, lote ao sehemu, kwa kasoro ya ujenzi, hata ya udongo. Lakini kwetu, mara nyingi mwenye kiwanja anajinunulia vifaa na kumlipa fundi kwa siku, bila karatasi. Nyumba ikipasuka, fundi anasema ni chuma, muuzaji anasema ni fundi, na mwenye nyumba anabaki katikati.

Kuna pia ofisi ya serkali ya kuchunguza bidhaa, OCC, iliyoanzishwa mwaka 1974. Kazi yake ni kuhakikisha ubora wa vitu vinavyoingia inchini. Kitu kilichopita mupakani kwa njia za panya hakikupita mikononi mwake.

Mambo ya kufanya

Omba fakture yenye jina la muuzaji, tarehe, kipimo na alama ya kiwanda. Ukipewa "ferabeto" tu bila namba, rudisha iandikwe vizuri. Bakisha kipande kimoja cha kila kifaa. Fanya mapatano ya maandishi na fundi, na yaseme nani ananunua nini. Kasoro ikionekana, piga picha, ita mashahidi na umwandikie muuzaji barua mbele ya kuvunja kitu chochote.

Rangi ya bei ya chini sana nayo iulizwe: risasi, ambayo viwanda vingine vingali vinaitia ndani ya rangi, inaharibu ubongo wa watoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kisicho na hatari.

Wakati wa haraka ndio wakati wa hatari. Marekani ilikuwa baada ya kimbunga. Goma, baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, familia nyingi zilipaswa kujenga upya. Mwenye kulala inje na watoto hana muda wa kuchagua, na wauzaji wabaya wanalijua hilo. Lakini dakika tano za kupima chuma deponi hazimcheleweshi mutu kuingia nyumbani mwake.