Klachi Si Breki: Kuondoa Gari Mlimani Siku ya Jaribio

Katika jaribio la udereva kwa vitendo, hatua inayowatoa jasho watahiniwa wengi ni kuliondoa gari lililosimama mlimani. Hapo gari huzimika, au hurudi nyuma kulifuata lililo nyuma yake. Na kila maandalizi yanapoanza, swali huwa lile lile: klachi ibalansiwe vipi ili gari ling'ang'anie mlimani bila hendibreki? Swali hilo limepotoka tangu mwanzo. Limezaliwa na imani iliyoenea vijiweni, na hata kwa baadhi ya walimu wa udereva, kwamba dereva hodari hulishikilia gari kwa klachi tu, na anayevuta hendibreki bado hajaiva.

Imani hiyo haina msingi wowote wa kiufundi. Klachi huunganisha injini na gia boksi au kuzitenganisha. Haikuundwa kuzuia gari. Gari linapong'ang'anizwa mlimani kwa klachi, flaiwili huzunguka huku pleti inayobanwa juu yake imesimama, na nguvu yote inayopita hapo hugeuka joto. Mfano ni gari dogo la kilo 1,200 kwenye mwinuko wa asilimia 10. Nguvu inayolivuta kurudi nyuma ni sawa na uzito wa kilo 120 hivi. Mzigo huo ukibebwa na klachi, gari likiwa gia namba moja na injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, joto la kwenye pleti hufika takriban kilowati 4: ni kama pasi tatu au nne za umeme zimewashwa kwa pamoja ndani ya chombo kilichofunikwa. Mguu ukizidisha mafuta, kama unavyofanya mguu wenye woga, joto hupanda zaidi. Ile harufu kali inayoingia garini ni pleti inayoungua. Ikishaungua huanza kuteleza, na kuibadilisha ni lazima gia boksi ishushwe.

Hendibreki hufanya kazi hiyo hiyo bila kuunguza chochote. Waya huvutwa, breki hubana magurudumu ambayo tayari yamesimama, na pasipo kinachozunguka hapana msuguano wa kuzaa joto.

Watetezi wa klachi hutoa mfano wa dereva wa daladala. Mfano huo haumsaidii mtahiniwa hata kidogo. Dereva yule analijua gari moja analoliendesha tangu alfajiri, na mguu wake umeshazoea mahali klachi yake inaposhika. Mahali hapo hutofautiana baina ya gari na gari, na huhama kadiri pleti inavyolika na waya unavyolegea. Mtahiniwa aliyejifunzia gari moja kwenye tambarare za Dar es Salaam, kisha akapewa jingine kwenye vilima vya Mwanza au Lushoto, hawezi kupabahatisha kwa mguu huku gari likirudi nyuma. Hendibreki humpa muda wa kupatafuta bila haraka, na anayemtahini anataka kuona gari limedhibitiwa, hataki mbwembwe.

Balansi yenyewe ni ya kweli na lazima ijulikane, ila ni ya sekunde mbili tatu za kuondokea. Hendibreki ikiwa juu, gia huwekwa namba moja, vioo hutazamwa, mafuta hukanyagwa kidogo, na klachi huachiwa polepole hadi mlio wa injini uzame na boneti iinuke kidogo. Mguu wa kushoto huganda hapo hapo. Hendibreki hushushwa, mafuta huongezwa, na gari likishasogea ndipo klachi huachiwa yote. Kwenye mwinuko mdogo, breki ya mguu inaweza kushika nafasi ya hendibreki: klachi huletwa kwenye balansi, kisha mguu wa kulia huhamia kwenye mafuta.

Mengine ni mazoezi tu. Kurudi nyuma hufanywa kwa mwendo wa kutambaa, macho yakitazama kule gari linakokwenda. Ishara hutangulia usukani. Kiti, vioo na mkanda huwekwa sawa kabla ya kuwasha. Siku chache kabla ya jaribio, inafaa kufanya mazoezi kwenye gari la pili, na mlimani hasa. Gari likizimika, hendibreki huvutwa, klachi hukanyagwa, gia hurudishwa fri, injini huwashwa, na hatua zote huanza upya.